Masahihisho kwenye Kadi

Watu walimwita Daktari Taratibu, na si kwa sababu alikuwa mzito wa kazi. Jina hilo lilitokana na neno lake. Kwa miaka thelathini na minne, kila alipoinama juu ya kinywa cha mtu akiwa na koleo mkononi, alinong'ona, "Taratibu, taratibu," na hakuna aliyewahi kujua kama alikuwa akimwambia mgonjwa, au jino, au nafsi yake mwenyewe. Watoto waliomlilia wakiwa wadogo walikua, wakazaa, wakamletea watoto wao, na hao nao wakanong'onezwa neno lilelile kwa sauti ileile.

Zahanati yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Ngazi za saruji zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za wenye maumivu, na mkono wa ngazi uling'aa zaidi mahali ambapo watu waliushika wakati wa kupanda kuliko mahali walipoushika wakati wa kushuka. Ndani kulikuwa na kiti cha kijani kilichokwisha kushonwa upya mara mbili, beseni la kutemea, dirisha refu lililoleta mwanga mzuri hadi saa nane, na kabati la chuma la kadi. Hilo kabati ndilo alilolipenda. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake nene, yenye picha ya meno thelathini na mawili iliyochorwa kwa wino, na chini yake maelezo ya kila siku aliyokanyaga pale. Daktari alikuwa amefunzwa kuandika na walimu wa misheni waliompiga vidole kwa rula, na mwandiko wake ulikuwa wa kutazamwa: umeinama kidogo kulia, herufi zimeshikana mikono, hakuna wino uliomwagika wala neno lililofutwa. Alikuwa na fahari ya kusema kwamba katika kabati lile zima hapakuwa na kadi hata moja iliyokatwa mstari.

Hiyo ilikuwa kweli. Na katika kweli hiyo ndimo ulimokuwa ugonjwa wake.

Zamani hizo, dawa kubwa ya jino ilikuwa kuling'oa. Vifaa vya kuliokoa vilikuwa mbali, na wagonjwa walikuja wakiwa wamechelewa, shavu limevimba, usingizi umewatoka siku tatu. Yeye alitoa. Alitoa vizuri, kwa huruma, na watu walimshukuru. Lakini alipofika miaka hamsini na tisa alianza kukutana njiani na matunda ya mkono wake: wazee kwa wazee, vinywa vimeingia ndani, mashavu yametua. Walimsalimu kwa furaha. Yeye aliwaitikia huku akihesabu meno waliyobakiwa nayo.

Ndipo ikafika barua ya mafunzo.

Yalikuwa mafunzo ya juu, ya madaktari waliokwisha kuwa madaktari, wiki moja katika kila mwezi kwa miezi mitatu. Yalifundisha jambo moja tu: jinsi ya kumrudishia kibogoyo taya zima la meno yasiyovuliwa. Skrubu nne za titani hupandwa ndani ya mfupa. Mbili za mbele husimama wima. Mbili za nyuma hulazwa kidogo, zikiinamia mbele, ili ncha zake zisiguse mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya. Juu ya hizo nne hufungwa safu moja ya meno, imara kama meza juu ya miguu yake. Mfupa ukiwa mzuri, mtu huingia asubuhi akiwa kibogoyo, akatoka alasiri akicheka. Daktari aliisoma barua ile mara mbili akiwa amesimama dirishani, kisha akaiweka katika mfuko wa shati, upande wa moyo.

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili katika ukumbi wa meza ndefu nyeupe, kila mmoja na taa yake na taya lake la plastiki. Wengi wangeweza kuwa wanawe. Aliyekaa naye meza moja alikuwa kijana mcheshi ambaye wenzake walimwita Skana, kwa kuwa hakuamini jicho la binadamu mpaka mashine imekubaliana nalo.

"Mzee," Skana alimwambia siku ya kwanza, "hiyo skrubu unaikaza au unafunga tairi la lori?"

"Mwanangu, niache. Mkono huu umetoa miaka yote. Haujui kuweka."

"Basi uambie umestaafu kutoa!"

Meza nzima ilicheka, naye akacheka nao. Lakini neno lile lilimwingia. Kila skrubu ilipaswa kukazwa kwa spana ndogo yenye mizani. Mizani ikifika thelathini na tano, mfupa umeishika skrubu sawasawa na meno yanaweza kufungwa siku hiyohiyo. Isipofika, hakuna hila. Daktari alichukua taya la plastiki hadi nyumbani akafanya mazoezi Jumapili nzima juu ya meza ya chakula.

"Baba watoto," mkewe alisema akiwa ameshika sahani mbili, "huyo mtu wako anakula nasi, au anatutazama tu?"

"Mpe nafasi kidogo. Yuko katika matibabu."

"Mimi miaka thelathini na mitano naumwa mgongo, sijawahi kuwekwa juu ya meza nikatibiwa kwa mapenzi namna hiyo."

Mkufunzi alikuwa mwanamke mwenye umri wa kati na sauti ndogo, aliyeweza kunyamazisha ukumbi kwa kuvua miwani. Sheria yake ilikuwa moja. Mwezi wa tatu wa mafunzo kila mwanafunzi alete mgonjwa wake mwenyewe, aje na kadi zake zote na picha zake zote tangu siku ya kwanza, na amfanyie upasuaji mbele ya wenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Asiyefanya hivyo hapati cheti.

Daktari hakuhitaji kutafuta mgonjwa. Mgonjwa alijileta mwenyewe.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwembamba na mnyoofu kama chaki mpya. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake katika darasa la tatu, na wote walimwita Mwalimu Imla, kwa sababu alisomesha kuandika kwa kusomewa kama vile wengine wanavyosomesha sala. Katika darasa lake mtoto aliyekosea neno hakukatiwa na mwalimu. Alilikata mwenyewe kwa mstari mmoja mnyoofu, ili kosa liendelee kusomeka, akaandika lililo sahihi juu yake, akatia tarehe. "Kosa lililofutwa," alikuwa akisema, "ni kosa lililopewa mahali pa kujificha."

Baada ya kustaafu alikuwa akifundisha watoto wa majirani kila Jumamosi sebuleni kwake. Lakini meno ya juu tu ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwake. Ya chini yalikuwa ya bandia, ya kuvaa na kuvua, nayo yaliogelea. Siku moja, katikati ya sentensi, yaliruka yakatua juu ya daftari la mtoto. Watoto walicheka, kama watoto wanavyocheka. Mwalimu naye alicheka, akawapa mapumziko, na Jumamosi iliyofuata akaweka tangazo mlangoni kwamba masomo yamesimama.

"Daktari," alimwambia akiwa amekaa wima kwenye kiti cha kijani, kiganja mbele ya mdomo, "nimesikia unajifunza kupanda. Mimi ni shamba tupu. Nilime."

Daktari angefurahi kama huyu angekuwa mgonjwa mwingine yeyote.

Miaka ishirini na miwili nyuma, Mwalimu huyu alikuja akilalamikia jino la chini. Maumivu yalikuwa yametulia kwa dawa, hivyo Daktari alipiga picha mbili za eksirei, moja kila upande, akazisafisha katika chumba chenye giza akazitundika kwenye kisanduku cha mwanga. Moja ilionyesha kivuli cheusi kwenye mzizi wa gego dogo. Filamu za wakati ule zilikuwa na kitone kidogo kilichovimba pembeni, kisichozidi kichwa cha pini. Kitone kikikutazama, picha iko sawa. Kikikupa kisogo, kulia kumekuwa kushoto. Kila daktari wa meno alijua, kama mpishi anavyojua chumvi na sukari. Lakini siku ile benchi lilikuwa limejaa hadi ngazini, na vidole vyake vilikuwa na maji, na hakupapasa kitone.

"Mbona lililoniuma ni la kulia?" Mwalimu aliuliza alipoona sindano ya ganzi inaelekea kushoto.

"Picha haidanganyi, Mwalimu," alimjibu, na Mwalimu akafungua kinywa.

Jino bovu hutoka kama mgeni aliyechoka kukaa. Lile lilikataa. Lilishikilia, akaongeza nguvu, akanong'ona neno lake, mpaka kikasikika kitu kama kijiti kikavu kinachovunjika. Na lilipotoka lilitoka na kipande cha ukuta wa mfupa. Mzizi wake ulikuwa mweupe, safi, wenye afya. Aligeuka, akatazama kisanduku cha mwanga, na kutoka pale alipokuwa akaona kitone kimempa kisogo.

Hapo ndipo mtu hupimwa, na yeye hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye benchi lililojaa, mwenye jina jema na mwandiko mzuri. Alisema, "Haya, limetoka." Wiki moja baadaye Mwalimu alirudi shavu la kulia likiwa limevimba, na Daktari akamwambia kwamba yote mawili yalikuwa mabovu. Akang'oa na lile. Akaandika yote mawili kwenye kadi, maneno yaleyale, mwandiko uleule. Pengo la kushoto liliwekewa jino la bandia lenye vishikizo vya waya; vishikizo vililegeza jirani yake wa kwanza, kisha wa pili. Safu ya chini ilianguka kwa miaka kama ukuta uliochomolewa tofali moja. Kila jino aliling'oa yeye. Kila mara Mwalimu alimshukuru.

Siku ya kupanga upasuaji, Mkufunzi alisimama mbele ya ukumbi na kadi ya Mwalimu, akazitoa zile filamu mbili katika bahasha iliyogeuka rangi ya chai. Kabla ya kuzitundika, kidole gumba chake kilipapasa kitone, bila yeye mwenyewe kufikiri. Akazitundika. Akasoma kadi. Akatazama filamu. Akasoma kadi tena.

"Tuendelee na picha mpya," alisema, na hakusema zaidi.

Wakati wa chai alimkuta Daktari peke yake kwenye korido, karibu na pipa la maji.

"Mzee," alisema polepole, "ile filamu niliiweka kama inavyopaswa. Kadi yako haikukubaliana nayo."

Daktari alitazama chai yake. "Najua, Mkufunzi. Nimejua siku zote."

"Yeye anajua?"

"Hapana."

Mkufunzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Sitamwambia mimi. Mgonjwa ni wako na mdomo ni wako. Lakini siwezi kutoboa mfupa wa mtu huku kadi yake inasema uongo. Una siku tisa."

Siku ya tatu alimwambia mkewe, akitumaini labda mzigo utapungua. Mkewe alikuwa akikunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja, kisha akaweka shati la mwisho juu ya mengine na kulinyoosha kwa kiganja.

"Sasa mimi umeniambia kwa nini?" aliuliza. "Jino lilikuwa langu?"

"Nikimwambia atakwenda zake. Cheti kitakwenda. Na mji mzima ni wanafunzi wake."

"Ndiyo. Vyote vinaweza kwenda." Alichukua lile shati la juu, akampa. "Vaa hili. Lina kola nzuri. Usiende kwa Mwalimu umejikunja."

Sebule ya Mwalimu ilikuwa na ubao mweusi ukutani, umefutwa safi, na viti vidogo sita vimepangwa kana kwamba kengele italia. Alimkaribisha, akamuuliza habari za nyumbani, akaketi mbele yake mkono mmoja juu ya goti, kiganja cha mwingine mbele ya mdomo. Daktari alikuwa ameandaa maneno njiani. Yote yalimkimbia, akabaki na yale mafupi.

"Mwalimu, lile jino la kwanza. La kushoto. Lilikuwa zima. Nilitundika filamu kinyume. Niliona siku ileile, nikakudanganya. Na yote yaliyofuata yalifuata hapo."

Kiganja cha Mwalimu, ambacho siku zote kilikaa mbele ya mdomo, kilishuka.

"Nilikuambia," alisema. "Nilikuambia ni la kulia."

"Uliniambia."

"Ukasema picha haidanganyi." Meno yake yaliteleza kwenye neno hilo, akayasukuma kwa ulimi mahali pake, bila haya. "Unajua nilifanya nini na maneno hayo? Niliyapeleka darasani. Miaka ishirini mtoto akibishana na kitabu namwambia, hata mimi nilidhani jino bovu ni la kulia tu, picha ikaonyesha na la kushoto. Nimewafundisha watoto wa watu wasiamini maumivu yao wenyewe."

Hilo Daktari hakuwahi kulihesabu.

"Umeandika?" Mwalimu aliuliza.

"Wapi?"

"Kwenye kadi, Daktari. Umeandika?"

"Bado. Nitaandika leo leo nikifika."

"Usiandike." Alisimama, na ikabidi naye asimame. "Mtoto akijisahihisha peke yake hurudia kosa lake kwa mwandiko mzuri zaidi. Nenda nyumbani."

"Na upasuaji, Mwalimu?"

"Nimesema nenda nyumbani."

Alikwenda. Siku sita zilizobaki alifanya kazi kama mtu anayetembea ndani ya maji. Hakupeleka salamu, wala hakupokea. Asubuhi ya upasuaji alivaa vazi la kijani, akanawa mikono hadi viwikoni, akakaa kwenye benchi la korido akijua kwamba kiti kitabaki kitupu. Skana alikuja kukaa karibu naye.

"Mzee, mgonjwa wako amechelewa au amekimbia?"

"Akiwa na akili amekimbia."

Skana alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Saa tatu na dakika tano mlango ulifunguka. Mwalimu aliingia na mkoba wake, akawapita wote wawili moja kwa moja hadi kwa Mkufunzi.

"Ameniambia," alisema. "Kadi itasahihishwa nitakapokuwa na meno ya kuisahihishia. Sasa sikiliza, mama. Upande wa kulia afanye yeye. Wa kushoto ufanye wewe. Huko hataingia tena."

"Akifanya nusu, Mwalimu, sheria yetu haimpi cheti."

"Mimi sijaja kutoa cheti."

Mkufunzi alimgeukia Daktari. Yeye aliinamisha kichwa. "Ni haki yake," alisema.

Ikawa hivyo. Daktari alifanya upande wa kulia mbele ya wenzake kumi na mmoja, na wale waliokuwepo walisema baadaye kwamba hawakuwahi kuona mkono mtulivu namna ile. Alifungua ufizi, akautazama mfupa, akatoboa kidogo kidogo huku maji yakimwagika kuupoza. Skrubu ya mbele iliingia. Ya nyuma ililala kama inavyopaswa. Spana ilipiga mlio wake mdogo: thelathini na tano, na tena, thelathini na tano. Hakunong'ona neno lake hata mara moja. Kisha alisogea nyuma, akampisha Mkufunzi, akachukua bomba la kunyonya mate kama msaidizi.

Kushoto, skrubu ya mbele ilishika. Mkufunzi alipoufikia mfupa wa nyuma alisimama. Ukuta wa nje haukuwepo. Pale ulipovunjika siku ile, mfupa ulikuwa umeliwa na miaka, umebaki mwembamba kama ukingo wa sahani. Alitafuta pembe nyingine, akatoboa kwa uangalifu, akapanda. Spana ilipanda hadi kumi na tano. Skrubu ikazunguka. Alibadilisha, akaweka nene zaidi. Ishirini. Ikazunguka.

Kila mmoja ukumbini alijua maana yake: leo hakuna meno. Skrubu zifunikwe kwa ufizi, mfupa upewe miezi minne ukue kuzizunguka, na hata hapo ni majaliwa.

Mwalimu, chini ya kitambaa, alikuwa macho muda wote. Kidole chake kiligonga mkono wa kiti mara tatu, kama kinavyogonga meza ya darasa. Walimfunulia uso, wakampa karatasi na kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa: *Upande upi?*

Mkufunzi alifungua kinywa, lakini Daktari alimtangulia.

"Kushoto, Mwalimu. Palepale. Siku ile nilivunja na mfupa."

Mwalimu akaandika neno moja, akampa Daktari karatasi mkononi: *Shoneni.*

Miezi minne hiyo Mwalimu aliishi kwa vyakula laini na maneno machache. Daktari alimfanyia uangalizi kila wiki ya pili, na kila mara alikuja, akakaa, akafungua kinywa, akaondoka. Hawakuzungumza habari za jino lile. Wenzake kumi na mmoja walipata vyeti vyao siku moja yenye mvua. Daktari alikwenda, akakaa safu ya nyuma, akawapigia makofi mmoja mmoja. Skana alipopita alimwinamia sikioni: "Mzee, toka siku Mkufunzi aliporudia kusoma kadi yako napapasa kitone mpaka kwenye picha za kompyuta, na huko hakuna kitone." Yeye alimpiga bega kidogo.

Skrubu ya kushoto ilishika. Hakuna aliyejua mpaka Mkufunzi alipoigusa kwa spana mwishoni mwa mwezi wa nne, nayo ikasimama kama mzizi. Wiki mbili baadaye meno yalikuwa tayari, nayo yalifungwa katika zahanati ile ya juu ya duka la vitambaa, kwenye kiti cha kijani, kwa kuwa Mwalimu alitaka iwe hapo. Mkufunzi alikaza za kushoto. Daktari alikaza za kulia.

"Sasa," alisema Mkufunzi, "tunahitaji kusikia sauti. Sema maneno yenye f, yenye v, yenye s na z, tujue kama urefu wa meno umekaa sawa."

Mwalimu alipitisha ulimi juu ya safu mpya, kulia hadi kushoto, kushoto hadi kulia.

"Sisemi maneno," alisema, na neno lilitoka zima. "Natoa imla. Daktari, kadi yangu na kalamu."

Aliileta. Aliiweka juu ya trei ya vyombo, akavuta kistuli, akaketi chini kidogo kuliko yeye, kama mtoto wa darasa la tatu.

"Kwanza kata yaliyopo. Mstari mmoja. Yasomeke."

Mstari wa kwanza kukatwa katika kabati lile zima ulikatwa hapo, na haukuwa mnyoofu sana.

"Andika. *Siku hii*, weka tarehe ile ya zamani, *nilimng'oa mgonjwa gego dogo la kushoto*, mkato, *ambalo lilikuwa zima*. Nukta." Alisubiri kalamu imfikie. Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, kavu, isiyo na haraka, kila herufi imevaa viatu vyake. "*Filamu niliitundika kinyume*. Nukta. *Mgonjwa aliniambia ni la kulia*, mkato, *nami sikumsikiliza*. Nukta. *Nilivunja mfupa wake*, mkato, *nikaficha*. Nukta."

Kalamu iliandika. Chini dukani mtu alikuwa akipima kitambaa, mkasi ukasikika ukikata.

"Tarehe ya leo. Sahihi yako. Soma."

Alisoma. Alipofika kwenye *sikumsikiliza* alisimama, akaanza sentensi upya toka mwanzo, kwa kuwa katika darasa la Mwalimu hapakuwa na ruhusa ya kuanzia katikati.

Mwalimu alifungua mkoba wake, akatoa kalamu nyekundu ambayo wino wake ulikuwa umekaribia kukauka. Alifuata mistari kwa ncha yake bila kugusa karatasi, akakagua mikato na nukta. Mwishoni aliweka alama ndogo ya sahihi pembeni. Hakuandika maksi, wala hakuandika *vizuri*.

"Sauti zimekaaje?" alimuuliza Mkufunzi.

Mkufunzi alivaa miwani yake. "Nisamehe, Mwalimu. Nilisahau kusikiliza sauti."

"Basi zimekaa," alisema, akashuka kitini. Mlangoni aligeuka. "Daktari, nimeambiwa wanaandikisha kundi jipya mwezi ujao."

"Nimekwisha kujiandikisha. Nitaanza upya, na mgonjwa mwingine."

"Utakuwa na miaka sitini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Msikilize huyo," alisema, akashika mkono wa ngazi, akaanza kushuka.

Jumamosi iliyofuata tangazo halikuwepo mlangoni kwake. Daktari, aliyepita njia ile akidai anakwenda dukani, alisikia kupitia dirishani sauti kavu isiyo na haraka ikisoma sentensi, na baada yake kimya cha penseli sita zinazoandika. Alisimama mpaka sauti iliposema nukta, kisha akaenda zake.